Dawa ya kipara: Madhara yake ni ya kuogopa kiasi gani?

Mtaani wanasema kipara ni dalili ya pesa. Lakini kwa kijana wa miaka 25 anayeona nywele za utosini zinazidi kupungua, utani huo hauchekeshi. Akiuliza dawa, anatajiwa finasteridi. Akiuliza zaidi, anaambiwa itammaliza nguvu za kiume. Ukweli ni upi?

Inafanyaje kazi?

Upara wa kawaida wa wanaume ni wa kurithi, upande wa baba au wa mama. Homoni iitwayo DHT husinyaza mizizi ya nywele taratibu. Finasteridi hupunguza homoni hiyo.

Dawa hii ilianza kama tiba ya tezi dume iliyovimba, kidonge cha miligramu 5. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha kidonge cha miligramu 1 kwa ajili ya upara. Matokeo huanza kuonekana baada ya miezi mitatu au zaidi, na ukiacha, nywele ulizopata hupotea tena.

Namba zinasemaje?

Katika majaribio ya awali, karibu wanaume 4 kati ya 100 waliomeza dawa walipata tatizo la tendo la ndoa: hamu kushuka, uume kushindwa kusimama au shahawa kupungua. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake walikuwa 2 kati ya 100.

Yaani wengi hawapati shida hiyo, na wanaoipata kwa kawaida hupona wakiacha. Ila wapo walioripoti kuwa iliendelea hata baada ya kuacha.

Kuna la pili. Mei 2025, kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni moja ya madhara ya vidonge hivi, ingawa haijulikani hutokea mara ngapi. Dawa haikuondolewa sokoni. Ushauri ni kwamba anayeitumia kwa upara akiona moyo umeanza kuwa mzito, aache na amwone daktari.

Hofu nayo ina nguvu

Utafiti wa Italia uliochapishwa 2007 uliwapa finasteridi wanaume wenye tezi dume. Walioelezwa mapema kuhusu madhara ya tendo la ndoa, karibu 44 kati ya 100 waliyapata. Wasioelezwa, 15 tu. Hii haimaanishi madhara ni ya kufikirika, ila wasiwasi nao huongeza idadi.

Jiulize kabla ya kumeza

- Ni upara kweli? Mapunye, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia hunyonyoa nywele, na tiba zake ni tofauti.
- Umewahi kuugua sonona? Mwambie daktari mapema.
- Unatafuta mtoto? Dawa inaweza kushusha ubora wa shahawa.
- Unapima tezi dume? Finasteridi hushusha kipimo cha PSA kwa karibu nusu, hivyo saratani inaweza kujificha. Mtaje daktari dawa unayotumia.
- Nyumbani kuna mjamzito? Asiguse kidonge kilichovunjwa. Kinaweza kudhuru mtoto wa kiume tumboni. Wanaokata kidonge cha miligramu 5 vipande ili kubana matumizi, hapa wawe makini.

Na ya kupaka?

Minoksidili haigusi homoni. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi, na ngozi ikawasha. Moyo ukienda mbio, acha na upate ushauri.

Ukiwa Kamachumu

Huna haja ya kuanzia kwa muuzaji wa mtandaoni. Hospitali ya Ndolage iko hapo hapo, na ikibidi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Nunua famasi iliyosajiliwa, ukiwa na cheti cha daktari. Ukipata madhara, mweleze mhudumu wa afya ili taarifa ifike TMDA, mamlaka inayosimamia dawa nchini.

Upara wa kurithi hauui wala hauhitaji tiba ya haraka. Una muda wa kupima, kuuliza na kuamua. Na ukiona hatari haikulipi, mashine ya kinyozi haina madhara.