NJIA YA MWALIMU KATIKA INCHI YETU YA UVIRA



Katika Kiswahili chetu cha kando ya ziwa, neno «mwalimu» linabeba mizigo miwili. Mwalimu ni yule anayefundisha watoto kusoma na kuhesabu. Tena mwalimu ni yule anayeongoza wakatekumeni mupaka kwenye ubatizo. Mugeni anaweza kuzani kwamba ni ukosefu wa maneno. Sivyo. Ni kumbukumbu ya historia yetu, kwa sababu mwanzoni kazi hizo mbili zilikuwa mikononi mwa mutu mumoja. Kwa ajili ya jubilei hii nimeombwa kueleza namna gani mutu huyo alitayarishwa, tangu siku za kwanza hata leo, ambapo anapaswa kwenda kutafuta diploma katika masomo makubwa.

1. Siku za kwanza

Mapadri Weupe walifika Ujiji katika mwezi wa kwanza wa mwaka 1879. Mwaka 1880 walijenga misioni ya Mulweba, katika inchi ya Masanze, ngambo yetu ya ziwa. Kisha mwaka 1883 wakafungua Kibanga. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa hasa watoto waliokombolewa mikononi mwa wauza watumwa. Wakati ule hakukuwa na cheti wala mutihani wa serkali. Kijana aliyejua sala, kusoma na kuandika, na ambaye mwenendo wake ulikuwa safi, alitumwa kijijini na ubao mweusi na kitabu cha katekisimu. Asubui alifundisha watoto, jioni watu wakubwa.

Upande wa kusini wa ziwa mafundisho hayo yalizaa tunda kubwa: Stefano Kaoze alipewa upadri tarehe 21 mwezi wa saba 1917, naye akawa Mukongomani wa kwanza wa nyakati hizi kupata daraja hilo. Hapo ilionekana wazi kwamba mutoto wa inchi hii anaweza kufika mbali sana katika elimu, kama akipewa njia.

2. Cheti kinaingia

Tarehe 26 mwezi wa tano 1906, serkali ya Leopold II ilifanya mapatano na Roma: misioni zitapewa mashamba, nazo zitafungua masomo. Karibu miaka ishirini nyuma yake, serkali ya Wabelgiji ilikubali kutoa musaada wa feza kwa masomo ya misioni za Kibelgiji, hasa za Wakatolika. Ndugu zetu Waprotestanti walingoja mupaka kisha vita ya pili ya dunia. Tukumbuke jambo hilo bila kiburi.

Feza ilileta wakaguzi, na mukaguzi aliuliza: mwalimu huyu alisomea wapi? Ndiyo sababu zilianzishwa nyumba za kutayarisha walimu. Wengine walisoma miaka 2 baada ya masomo ya musingi, wengine miaka 4. Hawa wa pili ndio wazee wetu waliitwa D4. Walikuwa watu wa heshima, na mushahara wao uliweza kusomesha watoto wa ndugu zao. Lakini mulango wa juu ulibaki umefungwa siku nyingi. Universite ya kwanza, Lovanium, ilifunguliwa tu mwaka 1954, miaka 6 mbele ya Uhuru.

3. Uhuru, vita na mabadiliko

Mwaka 1961 Institut Pédagogique National ilianzishwa kule Kinshasa, wakati ule Léopoldville, kusudi inchi ipate walimu wake wa sekondari. Kwetu, wamisionari Wasaveri walikuwa wamefika tangu 1958, na tarehe 16 mwezi wa ine 1962 Uvira ikawa jimbo, Askofu wake wa kwanza akiwa Danilo Catarzi.

Mwezi wa tano 1964 uasi ulifika Uvira, na masomo mengi yakafungwa. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja mwaka ule, mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert waliuawa kule Baraka na Fizi. Abbé Joubert alikuwa mutoto wa Kapiteni Joubert, yule aliyepigana na wauza watumwa kando ya ziwa hili. Tarehe 18 mwezi wa munane 2024, hapahapa Uvira, wote wane walitangazwa kuwa Wenye Heri.

Mwaka 1967 ilianza Mutihani wa Leta. Mwaka 1971 universite zote na vyuo vya ualimu viliunganishwa kuwa chombo kimoja, UNAZA, kilichovunjwa mwaka 1981. Mwisho wa 1974 serkali ya Mobutu ilinyanganya dini masomo yao. Tarehe 26 mwezi wa pili 1977 ilikubali kuyarudisha kwa mapatano. Tangu siku ile tunasema «masomo ya konvansioni».

4. Safari ya anayetaka diploma

Kijana anaanza kwa sekondari, sehemu ya pedagojia. Humo anajifunza kutengeneza fishe ya somo, kusimama mbele ya watoto, na kukubali kusahihishwa mbele ya wenzake. Akishinda Mutihani wa Leta, anaweza kufundisha masomo ya musingi. Akitaka sekondari, anaingia Institut Supérieur Pédagogique, tunayoita ISP. Zamani wengi wetu walipanda Bukavu kwa njia ya Kamanyola na milima ya Ngomo. Leo Uvira ina ISP yake. Katika mupango wa zamani gradua ilikuwa miaka 3, pamoja na staji darasani na kitabu cha mwisho. Kisha miaka 2 ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mupango mupya ulianza, nao umeweka lisansi katika miaka 3 ya kwanza.

Maneno haya ni mafupi kwenye karatasi. Katika jamaa, kila mwaka una bei yake: minerval, chumba, vitabu, safari. Mimi mwenyewe, nilipotoka seminari ndogo, nilimaliza sekondari, nikaingia mwaka wa kwanza wa gradua. Baba aliuza wavu wake wa ndagala. Mwaka wa pili hakukuwa na wavu mwingine wa kuuza. Nilirudi nyumbani, nikafundisha miaka mingi bila mushahara wa serkali, nikiishi kwa feza kidogo ya wazazi wa watoto. Nilikuwa na uchungu, sitaficha. Mwaka 2019 serkali ilitangaza masomo ya musingi ya bure, jambo lililoandikwa katika Katiba ya 2006. Wazazi walishangilia, nami nilishangilia nao; lakini mwalimu ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya mishahara alipoteza hata ile feza kidogo.

5. Neno la mwisho

Mwaka huu binti yangu aliniambia kwamba anataka kuwa mwalimu na kuingia ISP. Nilinyamaza siku tatu. Vijana wetu wanasema kwamba pedagojia ni njia ya umasikini, na mimi sikuwa na neno la kuwakatalia. Kisha nikaanza kutafuta historia hii, na nikaona jambo moja: hakuna mwalimu aliyejitayarisha peke yake. Yule wa Kibanga alikombolewa na wengine. Yule D4 alisomeshwa kwa feza ya misioni na ya serkali. Mimi nilibebwa na wavu mumoja, na wavu mumoja haukutosha.

Nilimujibu binti yangu: nenda. Lakini jibu hilo si langu peke yangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Shirika zetu zinakusanya feza kwa kilio na kwa arusi. Ziweke pia sanduku moja kwa mutoto anayesomea ualimu, na tumudai ahadi ya kurudi kufundisha kwetu. Wazee wetu walimupokea mwalimu wa kwanza bila kuuliza cheti. Walimujengea nyumba na kumupa shamba. Sisi tunaomudai diploma, tumusaidie kuifikia.

Mungu awabariki walimu wetu wote, walio hai na waliotutangulia.