Kompyuta Iliyolala na Kifaa Kilichochomolewa

Kulala kwa kompyuta ni hali ambayo prosesa husimama na skrini huzimika, huku umeme kidogo ukiendelea kufika kwenye kumbukumbu ya muda ili kazi iendelee pale pale ilipoachwa. Hali hiyo ilibuniwa kutunza betri za kompyuta mpakato, lakini Moshi, kama miji mingine ya Tanzania iliyopitia mgao wa umeme wa mwaka 2006 na wa 2011, iliipatia umuhimu wa ziada, kwa kuwa umeme ulipokatika betri ilibidi itunzwe. Mgao wa 2006 ulitokana na ukame uliopunguza maji ya mabwawa.

Mwaka 1992 kampuni za Intel na Microsoft zilitoa kanuni za kwanza za pamoja za kupunguza matumizi ya umeme, ambazo ziliacha uamuzi mwingi kwa programu iliyomo ndani ya ubao mama, kiasi kwamba mfumo endeshi ulijua machache kuhusu usingizi wa mashine yake. Desemba 1996, kampuni hizo pamoja na Toshiba zilitoa kanuni mpya, zinazofahamika kwa jina la ACPI, zilizoukabidhi uamuzi huo mfumo endeshi. Januari ya mwaka huo huo ilikuwa imeleta USB, tundu ambalo kifaa huchomekwa na kuchomolewa bila kuzima kompyuta. Mambo hayo mawili, kila moja likiwa jema peke yake, yalizaa tatizo lililowahangaisha wahandisi kwa miaka mingi.

Kila kifaa huhudumiwa na kiendeshi, yaani programu inayowasiliana nacho kwa niaba ya mfumo endeshi. Kabla ya kulala, kila kiendeshi huamriwa kukituliza kifaa chake, na wakati wa kuamka huamriwa kukirudisha kazini. Kifaa kikichomolewa katikati ya usingizi, kiendeshi huamka kikiwa na amri ya kuhudumia kitu ambacho hakipo tena. Kwa kadi za PCI, zinazochomekwa kwenye ubao mama, kwa mfano, kusoma mahali palipoachwa wazi hurudisha jibu ambalo tarakimu zake zote za mfumo wa jozi ni 1, na kiendeshi kisichokagua huliamini jibu hilo na kuweza kusubiri bila kikomo, hata kompyuta nzima ikaganda. Windows 2000 ilileta ujumbe maalumu wa kuviarifu viendeshi kwamba kifaa kimeondolewa ghafla.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa wa flash, yaani kifaa kidogo cha USB cha kuhifadhia mafaili. Katika mfumo endeshi wa Linux, umeme wa USB ulipokatika wakati wa usingizi, mfumo ulichukulia kwamba flash imechomolewa, hata kama haikuguswa, na mafaili yaliyokuwa wazi yakapotea. Mwaka 2006 Alan Stern, aliyeshughulikia USB katika Linux, alieleza utaratibu unaoitwa USB-persist, ambapo kompyuta inapoamka hulinganisha utambulisho wa kifaa kilichopo na ule uliohifadhiwa, na ukilingana huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliambatanisha onyo zito, na kwa haki: watengenezaji wengi hawaweki namba ya pekee kwenye flash zao, hivyo flash mbili za aina moja zinaweza kubadilishwa bila mfumo kutambua, na data ikaharibika.

Onyo hilo linagusa moja kwa moja maisha ya Moshi, ambako flash hutoka ofisini au chuoni kwenda dukani kwa mwenye steshenari ili kuchapisha waraka. Mtu akiichomoa kwenye kompyuta iliyolala, ikaandikwa upya kwenye kompyuta ya dukani, kisha ikarudishwa, utambulisho wake unalingana kabisa, lakini orodha ya mafaili iliyo katika kumbukumbu ya kompyuta ya kwanza ni ya zamani. Mfumo ukiandika kwa kufuata orodha hiyo, unaweza kufuta kile kilichoongezwa dukani. Hapa hata kiendeshi kilichoandikwa kwa uangalifu hakiwezi kumwokoa mtumiaji. Kwa hiyo kila anayebeba kazi yake kwenye flash aiondoe kwa amri ya mfumo, asubiri ithibitishwe kuwa ni salama kuichomoa, ndipo afunike kompyuta.