Sita Zinakaa Bure Kichwani mwa Mjomba

Siku hizi ukimchukia mtu halafu kutwa unamfuatilia, utaambiwa anakaa kichwani mwako bure, kodi halipi. Msemo wa Wazungu huo, ila Kariakoo, mji ambao mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, wapangaji wa bure wapo tangu enzi za mkoloni.

Yanga ilizaliwa 1935. Mwaka 1936 wengine wakajitenga wakaanzisha yao, ikaja kuitwa Sunderland, na 1971 ikawa Simba. Mmoja Jangwani, mwingine Msimbazi, unatembea kwa mguu tu. Majirani kabisa!

Sasa njoo tarehe 19 Julai 1977. Simba kampiga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni peke yake katupia tatu. Kweli Yanga nao walishapiga 5-0 mwaka 1968, ila hiyo sita haijafikiwa mpaka leo.

Mjomba wangu ni Yanga damu. Kazaliwa 1981, mechi hakuiona, lakini ukitaja "sita" anasusa hadi chai. Yanga walipomtandika Simba 5-1, Novemba 5, 2023, alitembea mtaani kanyoosha vidole vitano wiki nzima. Nikamwambia, "Mjomba, bado moja." Hakunisemesha siku mbili, jamani.

Na hadi leo akirudi kazini swali la kwanza ni, "Simba kafungwa?" Ya Yanga anauliza akishanawa.

Wa Msimbazi msicheke, na nyie mnajijua.