The Newlywed Game: Mchezo ambao jibu sahihi ni la mwenzako

MASWALI yenyewe ni mepesi, hayahitaji elimu ya juu wala kukariri tarehe za vita. Mume huulizwa mkewe atajibu nini, kisha mke huulizwa swali lile lile. Majibu yakifanana, wanapata alama. Yakitofautiana, ukumbi mzima unaangua kicheko na wawili hao wanaanza kubishana mbele ya kamera.

Huo ndio msingi wa The Newlywed Game, mchezo wa televisheni wa Marekani ulioanza kurushwa na shirika la ABC Julai 11, 1966. Mtayarishaji wake alikuwa Chuck Barris, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amewaletea watazamaji The Dating Game, mchezo wa vijana wasio na wachumba. Mwendeshaji alikuwa Bob Eubanks, kijana wa miaka 28 aliyetokea katika utangazaji wa redio mjini Los Angeles.

Katika mfumo huo wa awali, jozi nne za wanandoa waliooana karibuni huketi jukwaani. Kwanza wake hutolewa nje, mahali ambapo hawawezi kusikia kinachosemwa. Waume huulizwa maswali matatu, na kila jibu huandikwa kwenye kadi. Wake wanaporejea, kila mmoja hujibu kwa sauti, ndipo mume huinua kadi yake. Jibu likilingana, wanapata alama 5.

Duru ya pili hugeuza mambo: waume hutoka, wake hubaki. Sasa maswali ni manne. Matatu ya kwanza yana alama 10 kila moja, na la mwisho lina alama 25 peke yake. Kwa hiyo jozi isiyokosea hata mara moja hufikisha alama 70.

Hesabu hiyo imepangwa kwa ujanja. Wanandoa waliolingana katika maswali yote sita ya mwanzo wana alama 45. Wakikosa lile la saba, wanaweza kupitwa na majirani zao waliokuwa wakisuasua na alama 25 tu, kwani hao wakipatia watafika 50. Ndiyo maana mtazamaji hakuwa na sababu ya kuzima televisheni mapema.

Lakini ugumu wa mchezo huu hauko kwenye hesabu. Hakuna mwamuzi anayechunguza kama jibu ni la kweli. Kinachotakiwa ni wawili kusema jambo moja. Tuseme mume ameulizwa ni tabia gani ya mama yake inayomkera mkewe, naye akajibu kwamba ni kuja nyumbani bila taarifa. Mke anaporudi, akikumbuka kuwa mama mkwe atakitazama kipindi hicho, anajibu kwa adabu kwamba hakuna kinachomkera. Hapo hawapati alama yoyote, na kadi ya mume imeshaonekana nchi nzima.

Mchezaji makini, basi, hakisii tu kilicho moyoni mwa mwenzake. Anakisia pia mwenzake ataona haya kusema nini mbele za watu. Wengi hawakuiwaza hatua hiyo ya pili, na waandaaji walilijua hilo vyema: kicheko kilitoka kwa waliokosea, si kwa waliopatia. Baadhi ya wake walimaliza hasira zao kwa kumpiga mume kichwani na kadi ile ile iliyowakosesha alama.

Maswali ya unyumba hayakukosekana. Kwa kuwa televisheni ya mchana ya enzi hizo haikuruhusu mambo hayo yatajwe waziwazi, Eubanks alikuwa na msemo wake wa utani alioutumia badala yake, nao ukawa maarufu kama kipindi chenyewe. Watazamaji walielewa, watoto wakaachwa wakijiuliza.

Mchezo huo ulibaki ABC hadi 1974, ukafufuliwa mara kadhaa katika miongo iliyofuata. Mara ya mwisho uliporejea kwa muda mrefu ni kuanzia 2009 hadi 2013, katika idhaa ya michezo ya televisheni iitwayo GSN, ukiendeshwa kwanza na Carnie Wilson na baadaye Sherri Shepherd.

Kuhusu zawadi, washindi waliambiwa kuwa wamepata kitu kilichochaguliwa kwa ajili yao tu. Maneno hayo yalikuwa na ukweli wa aina yake. Washiriki walikuwa wamekwisha kutaja zawadi wanayoitaka, na waandaaji wakawapambanisha na jozi nyingine zilizotaka kitu hicho hicho. Kwa hiyo hata walioshindwa walirudi nyumbani wakiwa wamekiona kitu walichokitamani kikienda kwa wengine.

Na ikiwa jozi mbili zililingana kwa alama? Kila jozi ilikuwa imekwisha kuandika kwenye kadi jumla ya alama ambazo wanandoa hao walitarajia kupata. Mshindi alikuwa aliyekaribia zaidi jumla halisi bila kuivuka. Mathalani, jozi mbili zikimaliza na alama 45, walioandika 50 walikwisha kutoka, na zawadi ilikwenda kwa walioandika 20.