Jumba la Nairobi na Ngoma za Chuka

Wapo wanaoshikilia kwamba Meru na Embu hazihitaji jumba la maonyesho: taifa lina lake mjini Nairobi, na ngoma ya Mlima Kenya ni ya uwanjani. Hoja ya kwanza haisimami mbele ya historia ya jumba lenyewe. Kenya National Theatre ilifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa dhidi ya Mau Mau, mkabala na Hoteli ya Norfolk. Ukumbi na hoteli, tamthilia na kinywaji cha baadaye, vyote vilikuwa starehe ya walowezi. Miaka iliyofuata, wakulima wa Embu na Meru walisukumwa katika vijiji vyenye ulinzi.

Uhuru haukugeuza mambo upesi. Mwaka 1976 waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, mzaliwa wa Baricho mwaka 1942, wakati Kirinyaga ingali sehemu ya Wilaya ya Embu, waliandaa tamthilia ya kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ambayo baadaye ilitoka kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Ilikuwa njiani kwenda tamasha la sanaa za Waafrika la FESTAC, Lagos, mwaka 1977. Oktoba, mwezi wa mashujaa, ukumbi ulikuwa na maonyesho ya kigeni, baleti ya Kifaransa ikiwemo, na Wakenya wakalazimika kugombania siku. Watetezi wa ukumbi husema huo ulikuwa mvutano wa ratiba tu, na kwamba tamthilia ilionyeshwa hata hivyo. Ilionyeshwa, kweli. Lakini ratiba hupangwa na watu, na miaka 13 baada ya uhuru mwenyeji bado alikuwa anabisha hodi kwake. Watazamaji walilielewa hilo kuliko wahakiki wengi: onyesho lilipokwisha, walitoka wakiimba na kucheza kuelekea Norfolk, hoteli ambayo walowezi waliokuwa barazani mwake, Machi 1922, walijiunga na polisi kuufyatulia risasi umati uliodai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe. 

Hoja ya pili inahitaji subira zaidi, maana ina ukweli. Wapigaji wa Chuka, kati ya Meru na Embu, ngoma ndefu zikiwa zimebanwa mapajani, hawahitaji paa ili wasisimue watu. Ila uwanja hautunzi miswada, haufundishi waigizaji, wala hauruhusu tamthilia ya saa mbili msimu wa mvua. Na kumpa Mchuka uwanja wa sherehe huku jukwaa likiwekewa wengine ni kuendeleza mgawanyo wa 1952. Hata makumbusho ya Meru yamewekwa katika jengo la utawala wa kikoloni la mwaka 1916. Mamlaka ya kurekebisha hali hii yapo: Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na leseni za pombe katika kipengele kimoja. Kaunti inayotoa leseni kwa baa za Makutano mjini Meru ina mamlaka yaleyale ya kujenga ukumbi jirani nazo. Mabunge ya Meru na Embu yatenge kiwanja na fedha, na kalenda ya ukumbi ipangwe na wasanii wa huko.