Antena, waya au sahani: tuchague kwa kipimo gani?

Runinga iliingia majumbani kwanza kwa antena. Lakini mawimbi yake huzuiliwa na milima. Ndiyo maana, mwishoni mwa miaka ya 1940, watu wa mabondeni huko Pennsylvania, Marekani, walisimamisha antena kilimani na kuteremsha waya hadi nyumba nyingi. Hivyo runinga ya waya ilizaliwa: antena moja kwa majirani wengi. Mwaka 1962 satelaiti Telstar ilivusha picha juu ya Atlantiki. Leo sahani juu ya bati hupokea picha kutoka angani.

Kanisa halikukaa mbali. Mwaka 1957 Papa Pio XII alitoa waraka Miranda Prorsus juu ya sinema, redio na runinga. Ndiye pia aliyemweka Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa runinga, kwani yasimuliwa kwamba Klara, akiwa mgonjwa, aliiona Misa ya Noeli bila kutoka chumbani mwake. Mwaka 1994 Yohane Paulo II aliwakumbusha wazazi kwamba pengine inafaa kuizima.

Basi tupime. Antena yaweza kutumika bila malipo ya mwezi, ila vituo vyake ni vichache. Sahani huleta vingi, na mara nyingi hudai malipo kila mwezi. Waya hufika tu pale ulipotandazwa. Je, malipo hayo yatakula pesa ya shule ya wadogo zetu? Je, wingi wa vituo utatuachia saa ya sala na mazungumzo? Runinga ya waya ilizaliwa na ujirani. Njia yoyote tutakayochagua isivunje ujirani huo, wala jamaa zetu.