Kuhamia ulaji mboga (Nagongera, Tororo na Busia)

Kuhamia ulaji mboga ni kuacha nyama, kuku na samaki, kwa mara moja au hatua kwa hatua, na kutegemea nafaka, mizizi, jamii ya kunde, mboga za majani, mbegu na matunda. Wengi hubakiza maziwa na mayai. Wengine huacha hata hayo. Nagongera ni mji mdogo wa Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, kwenye reli iendayo Kampala. Huko, na katika miji ya Busia pande zote mbili za mpaka na Kenya, chakula cha kila siku tayari hutoka zaidi shambani. Kwa hiyo mabadiliko haya hugusa dagaa na kuku wa mgeni kuliko nyama ya ng'ombe.

Chakula cha kawaida

Wapadhola, Wateso na Wasamia hula ugali wa wimbi, mtama, mahindi au muhogo, pamoja na viazi vitamu, maharagwe na kunde. Majani ya kunde na mrenda huchemshwa kwa magadi au maji ya majivu yaliyochujwa. Majani ya kunde yakishalainika hutiwa karanga au ufuta uliosagwa, yakakorogwa kwa moto mdogo mpaka mafuta yaanze kuelea. Magadi yakizidi huharibu vitamini C.

Kitoweo kigumu kuacha ni dagaa wa Ziwa Viktoria, waitwao *mukene* Uganda na *omena* Kenya. Huvuliwa katika mialo kama Majanji na Sio Port, na hununulika hata kwa pesa kidogo. Kumbikumbi wa msimu wa mvua nao ni wadudu, hivyo mla mboga kamili huwaacha.

Lishe

*Protini.* Nafaka zina upungufu wa laisini, ambayo hupatikana kwa wingi katika maharagwe, kunde na choroko. Ndiyo sababu ugali na maharagwe hukamilishana. Muhogo una protini kidogo sana, na ule mchungu una sianidi. Huvundikwa na kuanikwa vizuri kabla ya kusagwa. Mwili huhitaji protini ili kuiondoa sumu inayobaki, kwa hiyo ugali wa muhogo usiliwe kwa mboga za majani peke yake.

*Chuma.* Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Kuloweka maharagwe na kuchachusha au kuotesha wimbi hupunguza vizuizi. Embe, pera au chungwa baada ya mlo huongeza ufyonzaji, na chai inayonywewa pamoja na chakula huupunguza. Jambo hili lina uzito Nagongera, iliyokuwa na maambukizi makali sana ya malaria kabla ya upuliziaji wa dawa majumbani kuanza mwishoni mwa 2014: malaria nayo huleta upungufu wa damu.

*Vitamini B12.* Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na mimea haina chanzo cha kutegemewa. Asiyekula maziwa wala mayai hutumia vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo.

*Kalsiamu na vitamini A.* Gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu. Vitamini A hupatikana katika viazi lishe, ambavyo Mganda Robert Mwanga alishiriki kuviendeleza. Alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Chakula Duniani ya 2016.

Tahadhari

Karanga zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu na hutupwa. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unapendekeza vyakula vitokanavyo na wanyama kila siku. Wajawazito huhitaji ushauri wa mhudumu wa afya kabla ya kubadilisha mlo.

Dini na jamii

Wahindu wengi na Wajaini wa Afrika Mashariki wamekula mboga kwa vizazi vingi. Waadventista wa Sabato, waliofungua misheni ya Gendia, Nyanza, mwaka 1906, huhimiza ulaji huo bila kuulazimisha. Ugumu mkubwa huwa ugenini na matangani, ambako kuku au ng'ombe aliyechinjwa ni heshima. Anayeacha nyama humwarifu mwenyeji mapema, kabla kuku hajakamatwa, na huomba kunde za karanga. Akikataa sahani ikishaandaliwa, huonekana amemdharau mwenye nyumba.